Sura ya Sita: Shahidi Mwenye Masizi

Viti vya mbele vya ile Hiace vilikuwa vimeinuliwa na kulazwa nyuma, kwa kuwa injini ya gari la namna hiyo hukaa chini ya dereva wala si mbele yake. Na fundi, kijana wa Kinyantuzu ambaye mikono yake ilikwisha kuingia rangi ya kazi yake, alikuwa ameshika kiganjani kipande cha chuma kisichozidi ukubwa wa ngumi, chenye kofia ya bati juu na tundu chini, na tundu lile lilikuwa limejaa kitu cheusi, chenye kung'aa kidogo kama lami iliyopoa, hata jua la saa nne asubuhi la Nkololo, mkoani Simiyu, halikupata upenyo wa kupita. Tulikwisha kuamkiana mwangaluka, na dereva alikwisha kunieleza taabu yake: gari halivuti, akikanyaga mafuta latoa moshi mweusi kama tanuri la mkaa, na likisimama latetemeka hata abiria humwuliza kama watafika salama. "Mzee," akasema fundi, akikigeuza kile kipande ili nikione vizuri, "mchawi wetu ni huyu. Naziba njia yake kwa bati hapa, dakika ishirini tu, gari linarudi kama jipya."

Maneno yake hayakuwa ya uongo. Bati lingalitiwa, Hiace ile ingaliondoka imechangamka, na dereva angalilipa ujira kwa moyo mkunjufu. Lakini mimi niliyekuwa nimeketi juu ya debe lililopinduliwa nilikuwa na swali moja tu, nikamwuliza: "Fundi, masizi yote haya yametoka wapi?" Akanitazama kidogo, kisha akajibu kwa adabu ya kijana anayesema na mkubwa wake: "Mzee, si moshi? Huyu kazi yake kula moshi." Kweli, kazi yake ni kula moshi, walakini kinywa chenye afya hula kikameza, na kinywa hiki kilikuwa kimeshindwa kumeza. Nimekusudia sura hii niitumie kuyafuata maradhi hayo mpaka kwenye shina lake, maana naamini kwa yakini kwamba vali hii, yaani kile kipande cha chuma, katika magari ya dizeli yaliyokwisha kuzeeka, huhukumiwa kila siku kwa kosa lisilokuwa lake: yeye ni shahidi aliyekutwa penye tukio nguo zake zimetapakaa damu ya majeruhi, nasi kwa haraka zetu humfunga shahidi tukamwacha mkosaji aende zake.

Mafundi huiita kwa herufi tatu za Kiingereza, EGR. Mimi nitaiita vali ya kurudishia moshi, kwa kuwa jina hilo lasema kazi yake. Injini ya dizeli, ambayo Rudolf Diesel aliifanya itende kazi sawasawa mjini Augsburg mwaka 1897, haihitaji cheche ya plagi: hewa huvutwa ndani ya silinda, pistoni huibana mpaka ikae katika nafasi iliyo kama sehemu moja ya ishirini ya nafasi yake ya kwanza, joto lake hupanda kupita nyuzi 500, na hapo nozeli hunyunyiza mafuta yakawaka yenyewe, kwa mwali ambao joto lake huweza kupita nyuzi 2,000. Sasa hewa hii tuivutayo sote, watu na magari, zaidi ya robo tatu yake ni naitrojeni, gesi pole isiyopenda kushikamana na kitu. Lakini katika joto la namna ile hata aliye pole hulazimika, naitrojeni huungana na oksijeni, na mazao yake ni gesi kali ziitwazo oksaidi za naitrojeni, ambazo hukereketa koo, huzidisha pumu, na zikichanganyika na mivuke ya mafuta angani na kupigwa na jua, huzaa ozoni ya huku chini, iliyo sumu kwa mapafu ya watu na kwa majani ya mimea, pamba ikiwamo. Mwanafizikia wa Kisovieti, Yakov Zeldovich, alibainisha katika miaka ya 1940 njia ambayo muungano huo hupitia; na faida kubwa ya maelezo yake ni kutujulisha kwamba joto la mwali likipungua kidogo tu, gesi hizo hupungua sana.

Dawa iliyopatikana ni ya ajabu kwa wepesi wake. Sehemu ya moshi uliokwisha kuungua hurudishwa ndani ya injini pamoja na hewa mpya, na kwa sababu moshi huo umekwisha kupoteza sehemu kubwa ya oksijeni yake, kazi yake ni ile ya majivu yanayonyunyizwa juu ya makaa: moto hauzimiki, lakini ukali wake huvunjika. Vali ndiyo bawabu wa njia hiyo. Hufungua mlango injini ikiwa imekwisha kupata moto wake wa kawaida na inakwenda kwa mzigo mdogo. Katika injini nyingi hufungua pia gari likiwa limesimama linanguruma. Hufunga injini ikiwa baridi, na hufunga tena dereva akikanyaga mafuta mpaka chini, maana hapo injini yahitaji kila chembe ya oksijeni iliyo karibu. Bawabu akiwa mzima, oksaidi za naitrojeni huweza kupungua hata kufika nusu, na dereva asijue kwamba kuna mtu mlangoni.

Bawabu huyu hakuzaliwa kwa ajili ya Nkololo. Malori yaliyobeba pamba ya Usukuma zama za Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililoundwa mwaka 1955 na kuongozwa na Paul Bomani, hayakuwa na vali kama hii, wala popote duniani hapakuwa na sheria iliyoidai. Lakini katika miaka hiyo hiyo, mjini Los Angeles, watu walikuwa wakitokwa machozi mchana kweupe kwa ukungu wa kahawia ulioziba anga lao, na mboga za wakulima waliokaa pembezoni mwa mji zikibabuka majani. Na Arie Haagen-Smit, mtaalamu wa kemia mzaliwa wa Uholanzi, ambaye kabla ya hapo alikuwa akichunguza ladha ya nanasi, alithibitisha kwamba ukungu ule ulitokana na mivuke ya mafuta na oksaidi za naitrojeni zilizopikwa na jua. Ni jambo la kuzingatiwa na watu wa mkoa wa wakulima, kwamba elimu hii ilianzia kwa mtu aliyejua harufu za matunda na aliyeyatazama majani ya mboga yaliyoungua. Sheria ya Hewa Safi ya Marekani ikatoka mwaka 1970, na katika miaka michache iliyofuata magari ya petroli ya nchi ile yakaanza kufungwa vali za kurudishia moshi.

Dizeli zilifuata baadaye, na kwetu sisi nchi iliyo na maana zaidi katika habari hii si Marekani bali Japani, kwa kuwa huko ndiko yatokako magari mengi yaliyotumika tuyanunuayo. Mwaka 1992 Japani ilitunga sheria ya kupunguza oksaidi za naitrojeni zitokazo kwenye magari katika miji yake mikubwa, na mwaka 2001 ikaiongezea nguvu ili ishike na masizi pia. Gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alisimama mbele ya waandishi wa habari mwaka 1999 akiwa na chupa ya plastiki yenye masizi meusi ya dizeli, akaitikisa ili kila mtu aone kile ambacho watu wa mji wake walikuwa wakikivuta. Na tarehe 1 Oktoba 2003 amri ikaanza kutumika, Tokyo na mikoa jirani, kwamba magari ya dizeli ya kazi yasiyotimiza kiwango cha masizi yasipite katika barabara zao. Yaliyonyimwa njia huko yalitafutiwa wanunuzi ng'ambo. Tanzania haikuyapiga marufuku magari ya umri mkubwa, ila huyatoza ushuru wa uchakavu. Basi yakashuka bandarini Dar es Salaam, yakapanda bara, na baadhi yake yakafika Bariadi, Maswa, Lamadi na Nkololo. Vali ilikuja nayo. Kilichobaki Japani ni ule ukaguzi wa lazima wa mara kwa mara, ambao huko ulimlazimisha mwenye gari kulitunza kabla halijaugua, akitaka asitake.

Na hapa ndipo taabu inapoanza, kwa kuwa moshi wa petroli hauna masizi mengi, lakini moshi wa dizeli ni masizi na gesi pamoja. Kila mpishi wa kuni anajua masizi hutokana na nini: kuni mbichi, au kuni nyingi zilizosongamana mafigani hata hewa isipite, huunguza nusu na kupaka sufuria nusu. Injini nayo ni vivyo hivyo. Mafuta yakizidi hewa, au yakinyunyizwa matone makubwa badala ya ukungu mwembamba, hayaungui yote, na yasiyoungua hutoka masizi. Masizi makavu peke yake hupeperuka, na mengi yangepita kwenye vali bila ya kukaa. Lakini ndani ya menifodi, ule mfereji wa kuingizia hewa injini, hukutana na mgeni mwingine, nao ni mvuke wa oili utokao tumboni mwa injini, unaopitishwa kwa hosi ya kupumulia na kurudishwa kwenye njia ya hewa. Oili peke yake ingetiririka. Vikikutana viwili hivi, kikavu na kinata, huzaliwa gundi, na gundi hukamata masizi ya kesho, na ya kesho hukamata ya keshokutwa, tabaka juu ya tabaka, mpaka njia ya hewa iliyokuwa pana kama mdomo wa kikombe hubaki kama shingo ya chupa.

Nimeona katika menifodi za namna hiyo ukoko mnene kama unene wa kidole, na sikuweza kujizuia kuihurumia injini iliyokuwa ikivuta pumzi katika koo la jinsi ile.

Sasa tuyatazame maisha ya gari katika kata kama Nkololo. Njia za vijijini hupita juu ya udongo mweusi wa mbuga, ambao wakati wa mvua hunata na kuteleza kwa pamoja, nao wakati wa kiangazi hupasuka na kugeuka vumbi laini kama unga; gari huenda polepole kwa gia ndogo, injini haipati mbio ya kutosha kujipepeta. Dereva akifika stendi hungoja abiria bila ya kuzima, kwa hofu kwamba betri chovu haitaiwasha tena. Msimu wa pamba ukifunguliwa, aghalabu mwezi wa Mei, magari hupanga foleni kwenye mizani ya vyama vya msingi na kwenye malango ya viwanda vya kuchambulia, yakinguruma saa nzima, kusogea hatua kumi, kisha kunguruma tena. Huko kunguruma ndiko kunakofungua vali kwa wingi, na joto likiwa dogo ndipo gundi hushika vizuri. Hakuna adui wa vali aliye mkubwa kuliko gari lililosimama linawaka.

Fauka ya hayo kuna kichujio cha hewa. Vumbi la kiangazi lingetosha kukiziba peke yake. Lakini katika Simiyu, mkoa ulio mbele katika kilimo cha pamba nchini, huongezeka nyuzi nyepesi zinazoruka kutoka marobota na magunia, zikavutwa na injini na kutanda juu ya kichujio kama blanketi, zikakaa pia mbele ya rejeta. Kichujio kilichovikwa blanketi hunyima hewa, hewa ikipungua mafuta hayaungui, na yasiyoungua tumekwisha kuona yaendako. Nimekutana na madereva waliotumia fedha nyingi kwa pampu na nozeli, kumbe mgonjwa wao alikuwa akitaka tu atolewe nguo iliyomfunika pua.

Nozeli nazo zina haki yao ya kutajwa. Msomaji atakumbuka zama ambazo neno kuchakachua lilikuwa katika kila kinywa, kwa kuwa mafuta ya taa yalikuwa nafuu kuliko dizeli na wauzaji wasio na uaminifu wakayachanganya. Ndipo EWURA, mamlaka ya serikali ya kudhibiti nishati na maji, ilipoanza mwaka 2010 kuyatia mafuta alama ili yaliyoghushiwa yatambulikane, na bajeti ya serikali ya mwaka 2011/12 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili tamaa ya kuchanganya ikose faida. Mafuta ya taa ni mepesi, hayalainishi pampu na nozeli kama dizeli ifanyavyo, na vyuma hivyo husuguana vikalika. Nozeli iliyolika hainyunyizi tena, hudondosha. Gari lililopata dhara hilo miaka ile, kama nozeli zake hazikutengenezwa, linaendelea kutoa masizi hadi leo, na mwenye gari wa sasa, ambaye pengine amelinunua kutoka mkono wa tatu, hajui kwamba anailipia dhambi ya kituo cha mafuta cha zamani.

Salfa, ile ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la kiberiti, nayo ilitia mkono wake. Ikiungua na kukutana na unyevu katika moshi uliopoa hugeuka tindikali, na tindikali hula chuma cha vali na cha mirija. Tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina kiwango kimoja cha dizeli, salfa isizidi sehemu 50 katika milioni, na hiyo ni neema kubwa ambayo haikusifiwa inavyostahili. Ila magari mengi ya zamani yalikwisha kuishi ujana wao kabla ya neema hiyo kufika.

Tena kuna uzee wenyewe. Ringi za pistoni zikilegea, mgandamizo huvuja kwenda tumboni mwa injini, na pumzi inayotoka kwa ile hosi hutoka na oili nyingi zaidi. Vilevile turbo ikichoka, hupitisha oili katika njia ya hewa. Fundi anayeifungua hosi ya kupumulia na kuiona imelowa chepechepe amekwisha kupata nusu ya jibu kabla hajashika spana ya pili.

Maradhi ya vali yenyewe ni mawili kwa jumla, na dalili zake hazifanani. Ikinata katika hali ya kufunguka, moshi huingia hata wakati usiotakiwa: gari hukosa nguvu mlimani, moshi mweusi huzidi, injini hutetemeka ikiwa imesimama, na asubuhi huwaka kwa tabu. Ikinata katika hali ya kufunga, dereva huenda asione lolote, au pengine akasikia injini inagonga zaidi kidogo ikiwa na mzigo mwepesi, na katika magari yenye kompyuta taa ya injini huwaka; anayeumia ni yule aliye nje, anayevuta zile gesi. Katika injini kama 1KZ ya Toyota, ambayo imebeba Hiace, Prado na Surf nyingi za miaka ya 1990 katika nchi hii, vali huvutwa na vakyumu kwa kiwambo cha mpira kilicho chini ya ile kofia ya bati, na kuipima hakuhitaji mashine: injini ikiwa imepata moto na inanguruma, hosi yake huchomolewa, hosi nyingine safi ikachomekwa mahali pake, kisha fundi huvuta kwa kinywa. Injini ikibadili sauti na kuyumba, vali inafunguka. Ikikaa kimya kama haikuhisi kitu, ama kiwambo kimetoboka ama shina la vali limeganda.

Injini za kizazi kilichofuata, mathalan 1KD iliyotoka mwaka 2000, ziliongezewa kipoza moshi, chombo chenye mirija ambamo moshi hupita ndani na maji ya rejeta hupita nje yake. Kipoza kikipasuka, maji huingia katika njia ya moshi: rejeta hupungua kila siku, chini ya gari hapana tone, na nyuma hutoka moshi mweupe wenye harufu ya utamu wa kile kiowevu cha rejeta. Mafundi wengi wakiona hivyo huinyooshea kidole gasketi ya silinda hedi, wakafungua injini nzima kwa gharama kubwa, wakafunga, na maji yakaendelea kupungua. Kabla ya kufika huko, kipoza na kifunguliwe, njia yake ya maji izibwe upande mmoja, upepo utiwe upande wa pili, kisha kizamishwe katika ndoo ya maji. Usukuma ni nchi ya baiskeli, na hakuna kijana asiyejua kuutafuta mtoboko wa mpira kwa kutazama mapovu.

Nimekuja sasa kwenye bati, na yanipasa nimpe insafu yule anayelitia. Hoja zake ni tatu, wala si za kipuuzi. Anasema vali mpya ni ghali na kuipata ni mpaka Mwanza au Dar es Salaam. Anasema gari la zamani lisilo na kompyuta halilalamiki likizibwa. Tena anasema hewa ya Nkololo si hewa ya Los Angeles, magari ni machache na mbuga ni pana, upepo huyachukua yote. Hoja ya kwanza ni ya kweli, ila vali nyingi hazihitaji kununuliwa mpya, zahitaji kuoshwa. Ya pili ni ya kweli kwa baadhi ya magari, na si kwa yale ambayo kompyuta yake huhesabu hewa iingiayo. Hayo yakizibwa huwasha taa, na mengine hujipunguzia nguvu yenyewe kwa kujilinda, dereva akabaki na gari bovu kuliko alilokuja nalo. Ya tatu ndiyo iliyonifikirisha sana. Ni kweli kwamba anga la Simiyu ni pana. Lakini pua ya mtoto anayekwenda shule kandokando ya barabara haiko katika anga pana, iko hatua mbili kutoka kwenye egzosi. Na mama anayeuza nyanya stendi hukaa hapo tangu alfajiri hadi magharibi. Na gari hilo hilo kesho huingia Mwanza, penye magari ya kutosha. Shirika la Afya Duniani, kwa kauli ya taasisi yake ya utafiti wa saratani, liliutangaza moshi wa dizeli mwezi wa Juni 2012 kuwa ni kitu kinachosababisha saratani kwa binadamu.

Hata tukiziacha hoja za afya, ubaya mkubwa wa bati ni kwamba huondoa dalili na kuyaacha maradhi. Kichujio kilichoziba hubaki kimeziba, nozeli inayodondosha huendelea kudondosha, na mafuta yanayodondoka huosha ukuta wa silinda na kuteremka katika oili, yakaipunguzia uzito, mpaka siku moja injini hudai yote kwa mkupuo. Bati lenyewe, likiwa limekatwa kwenye kopo, huungua kwa moto wa egzosi baada ya muda, na mwenye gari asijue kwamba amerudi alikotoka.

Kuosha si kazi ngumu. Injini iachwe ipoe kabisa. Vali ifunguliwe, na bomba lake la moshi pia. Ukoko mkavu ubanduliwe kwa kijiti cha mti mgumu, wala si kwa bisibisi, ili kikalio cha vali kisipate mkwaruzo. Kisha sehemu ya chuma ilazwe katika mafuta ya taa usiku kucha ikipatikana nafasi, na asubuhi isuguliwe kwa brashi. Kiwambo cha mpira kisilowe, na kama vali ni ya umeme, kile kichwa chake chenye waya kisiguse kiowevu chochote. Petroli isitumike, maana nimesikia habari za mikono iliyoungua kwa ajili yake, na gereji zetu zina jiko la chai karibu sikuzote. Mabonge ya masizi yasiachwe yaanguke ndani ya menifodi, kwa sababu bonge likimezwa na silinda laweza kupinda vali ya injini. Ikiwezekana menifodi nayo ifunguliwe ioshwe, na gasketi mpya zitiwe. Kikalio hupimwa kwa kumimina mafuta ya taa juu yake vali ikiwa imefunga: yakikaa, imekaa, yakivuja, isuguliwe tena. Na mafuta machafu ya kazi hiyo yasimwagwe karibu na kisima.

Yule kijana wa Nkololo hakutia bati siku ile. Tulikifungua kichujio cha hewa kwanza, tukakikuta kimevaa vumbi na nyuzi nyeupe za pamba, kizito kama tambara lililolowa. Hosi ya kupumulia ilikuwa na oili kidogo tu, ishara kwamba ringi zilikuwa bado na uhai. Nozeli zikatolewa zikapelekwa mjini kupimwa, na mbili kati ya nne zikaonekana zinadondosha. Vali ikalala katika kopo la mafuta ya taa. Siku ya tatu Hiace iliwashwa, ikatoa moshi mwingi mweusi kwa dakika chache, ikiyatema yaliyosalia, kisha moshi ukawa mwepesi, na ule mtetemo ukatoweka. Dereva alilipa zaidi ya bei ya bati, sitaficha hilo, na alilipa kwa awamu. Fundi alinitazama akasema, "Kumbe Mzee, huyu alikuwa anatuambia kitu," nami nikaona kwamba amekwisha kuiandika sura hii kabla yangu.

Wewe mwenye gari la dizeli la umri wa miaka ishirini na zaidi, uliye Nkololo au popote ambapo pamba na vumbi hukutana, fungua vali hii mwezi wa Aprili, kabla mizani haijafunguliwa, na siku hiyo hiyo utazame kichujio, hosi ya kupumulia na nozeli. Stendi, ukijua kwamba utangoja zaidi ya dakika chache, zima injini; na kama ni betri inayokutia hofu, nunua betri.